Sweta ya Siku ya Ntheo

Mliniacha juma lililopita nikitoka soko la Machakos na ndimu ndani ya kiondo. Leo mtanikuta uani kwangu Kathiani, jua la saa saba, nimevaa sweta ya sufu mbele ya wageni wa heshima, nikiapa kwamba nasikia baridi.

Kwa yule ambaye gazeti lilimpita, mimi ni Kamanthe, mke wa Wathome, mama yake Nzisa. Mwaka ule mvua za El Nino zilikuwa zimebomoa matuta ya mashamba yetu yote. Zilipokatika, kikundi chetu cha mwethya hakikupumzika. Leo tuko kwa huyu, kesho kwa yule, tunachimba na kuimba, mikono wazi, sketi tumezifunga juu ya magoti.

Ndipo nikaanza kuona vidoa. Vidogo, vyeupe, kama chembe za unga zilizokataa kupanguswa. Vilianzia kwenye kiwiko vikashuka mpaka kwenye vifundo vya mikono, kisha vikajitokeza kwenye miundi ya miguu. Haviwashi wala haviumi, vimekaa tu.

Nesi wa zahanati alivitazama, akasema ni jua la miaka mingi, hakuna shida na hakuna dawa, nirudi nyumbani. Sikumwamini. Mtu anayekurudisha bila hata kidonge kimoja utamwamini vipi?

Nikaingia kwenye miti shamba. Nilipaka utomvu wa kiluma, ule mshubiri unaoota kwenye ua, nikawa nanata. Nilipaka mwarobaini, nikawa nanuka. Nilipaka maziwa lala, nikafuatwa na nzi mpaka kanisani. Vidoa havikutikisika.

Na siku zilikuwa zinakimbia. Nzisa wangu, aliyekuwa akiuza machungwa kando ya barabara kule Kyumbi, alikuwa amepata mchumba. Rodgers, mzaliwa wa hapo hapo Kyumbi, kijana wa kiwandani Athi River, mpole, anayesalimia watu kwa mikono miwili. Watu wao walikuwa wanakuja kwetu na mbuzi wa ntheo.

Kwetu Ukambani ntheo si mchezo. Mbuzi wakifika na beberu akachinjwa, msichana ni wa kwao, hata akiendelea kulala kwa mama yake mwaka mzima. Lakini beberu akiwa bado anapumua, hayo yote ni maneno. Wageni wanaweza kufungua kamba wakaenda zao.

Niliyemwogopa katika hao wageni alikuwa mmoja. Mumbua, shangazi yake Rodgers. Huyo ndiye aliyevunja uchumba wa kaka mkubwa wa kijana kwa sababu nyanya yake msichana aliwahi kuanguka kifafa. Nyanya, tena marehemu. Sasa fikiria mama aliye hai, mwenye madoa, miaka ile ambayo mtu akiota kipele watu walikuwa wanamtazama pembeni na kuhesabu nani mwingine kwake amekonda. Kama hawangesema ni ule ugonjwa, wangesema ni ukoma.

Nzisa hangepata mume pale Kyumbi, wala kwingine ambako habari ingefika. Ndiyo maana nikaenda kwa Munyiva.

Munyiva anauza dawa za miti pale sokoni, amezitandaza juu ya gunia, na ana sauti ya mtu asiyependa kurudia jambo.

"Kamua ndimu, upake jioni," aliniambia. "Asubuhi unawe na maji mingi kabla jua haijatoka. Umesikia? Kabla jua."

"Nimesikia."

Na kweli nilisikia. Masikio yangu hayajawahi kuwa na shida.

Shida ilikuwa maji. Bomba letu lilisombwa na mafuriko, na tangu hapo tulikuwa tunateka mtoni na punda. Wiki hiyo nilijaza mapipa yote kwa ajili ya wageni, nikayafunika, nikasimama mlangoni nikatangaza kwamba atakayeyagusa kabla ya Jumamosi atanijua mimi ni nani.

Basi nikapaka ndimu jioni, nikalala. Asubuhi nikaangalia mikono. Vidoa viko palepale. Nikaona dawa haijakolea, nikapaka tena, mara mbili. Ndimu zikaisha kabla sijafika miguuni, nikasema miguu itafichwa na sketi ndefu.

Wakati wa kunawa ukafika. Nikafunua pipa. Nikalifunika. Mtu aliyeapa mbele ya watoto na mume hawezi kuwa wa kwanza kuonekana na kopo mkononi. Nikachukua leso nikajipangusa, nikaona mikono imekauka, nikaridhika.

Firimbi ya mwethya ikalia.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya shamba la jirani, na mama wa mtarajiwa hawezi kukosa mwethya kisha atarajie kina mama waje kumpikia wageni. Nikaenda. Tukachimba mpaka jua likasimama utosini.

"Kamanthe, mikono yako inang'aa leo," mmoja akanitania. "Umejipaka mafuta kama bibi harusi?"

"Mama ya bibi harusi ndiye bibi harusi," nikamjibu, tukacheka, tukaendelea kuinua majembe.

Nilicheka siku hiyo. Kesho yake mikono ilikuwa inawaka. Keshokutwa ilikuwa imevimba, na malengelenge yamejipanga kutoka kiwiko hadi kifundo kama nimeingiza mikono ndani ya sufuria inayochemka.

Wathome alinikuta jikoni nikijipepea na kifuniko.

"Nini hiyo?"

"Uji. Ulinimwagikia."

Akaitazama mikono. Akatazama maganda ya ndimu kwenye jivu. Mume wangu ni mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, hajawahi kuniinulia mkono wala sauti tangu anitoe kwetu.

"Uji," akasema. "Sawa."

Akatoka, akarudi na jani la kiluma, akalipasua, akaniwekea utomvu bila kuuliza jingine. Nikamshukuru Mungu kwa kunipa mume asiyeona mambo.

Jumamosi ikafika.

Nzisa alitoka chumbani amevaa gauni la kitenge linalofika karibu na vifundo vya miguu, na ndani yake soksi ndefu nzito za kahawia, zile za akina mama wa ofisi.

"Utaiva ndani ya hizo soksi," nikamwambia.

"Ndiyo fashion ya tao, mwaitu. Mjini wote wanavaa hivi." Akaitazama sweta yangu. "Na wewe je?"

"Mimi nasikia baridi."

Mama na binti tukatazamana, kisha kila mmoja akaenda kutafuta kazi ya kufanya.

Wageni wakaingia wakiimba, mbuzi mbele. Majike wawili wazuri, na beberu mweusi mwenye ndevu za mzee wa baraza. Akafungwa kwenye mti wa kahawa kando ya banda la kuku. Kisu kilikuwa tayari juu ya majani ya mgomba.

Mumbua hakuja kukaa. Aliingia akitazama paa, akatazama watoto wa jirani, akatazama sufuria, kisha akafika kwangu na kunishika mkono juu ya sufu. Niliuma meno nikatabasamu.

"Mama Nzisa, hii sweta ni ya nini na jua hii yote?"

"Nasikia baridi kidogo."

"Baridi? Uko na malaria?"

"Hapana. Sina malaria."

"Basi uko na nini?"

Hapo ndipo nilipogundua nimejifungia mlango mwenyewe na ufunguo nimeutupa nje. Nikisema naumwa, atataka kujua ugonjwa gani. Nikisema siumwi, ataitaka sweta.

"Nimezoea tu kuivaa," nikasema.

"Umezoea," akarudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi.

Nikamkimbia, nikajifanya naangalia nyama. Nikakimbia tena, nikajifanya natafuta kijiko. Kila nilipoinua macho, Mumbua alikuwa amesimama mahali anaponiona. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni, na ndani ya mikono ya sweta malengelenge yalikuwa yameanza kupasuka na kunata kwenye sufu.

Mazungumzo ya wazee yakaenda vizuri. Muli, baba yake mdogo Rodgers ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wao, alizungumza kwa ustaarabu. Mutuku, kaka yangu aliyesimama kama mjomba wa msichana, alijibu kwa ustaarabu zaidi. Wathome alikaa amelaza kofia gotini, akiitikia kwa kichwa. Nikasema moyoni, Kamanthe, bado kidogo. Beberu akichinjwa tu, uende ndani ujifungie, ulie unavyotaka.

"Kabla kisu," Muli akasema, "wamama wako na neno lao."

Nilikuwa nimesahau blanketi.

Mama wa msichana huletewa blanketi na watu wa mwanamume, na huvishwa nalo mbele ya wote. Nani asiyejua hilo? Lakini blanketi ni la kujitanda, nikajipa moyo, litapita juu ya sweta na hakuna atakayeona. Kumbe Mumbua hakuridhika na blanketi. Alikuja ameshikilia pia gauni jipya, la rangi ya machungwa, la kushonwa kwa fundi. Mikono mifupi.

Kina mama wa Kyumbi wakanizunguka wakiimba. Wimbo mtamu, na mimi katikati yake kama kuku aliyeshikwa miguu.

"Twende ndani nikavae," nikasema.

"Ndani kufanya nini?" Mumbua akacheka. "Sisi ni wanawake, tunakuzungushia leso hapa hapa. Toa sweta."

"Nitavaa juu yake."

"Juu ya sweta? Mama Nzisa, hii ni gauni, si gunia ya mahindi."

Watu wakacheka. Wathome akainuka nusu.

"Muwacheni," akasema. "Anasikia baridi."

"Mzee, keti," Mumbua akamwambia kwa adabu. "Hii ni kazi ya wamama."

Akakaa. Niliona macho yake, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza kama kweli mume wangu ni mtu asiyeona mambo.

Leso ikanizunguka. Mkono wa Mumbua ukaushika wa sweta kwenye kifundo, ukavuta, kwa upendo kabisa, kama unavyomvua mtoto anayetaka kuogeshwa.

Ngozi ikatoka na sufu.

Sauti iliyonitoka siijui. Ninachojua ni kwamba wimbo ulikatika, leso ikaanguka, na waliokuwa wanakoroga sufuria wakaacha miiko ikasimama humo humo. Mkono wangu ulikuwa nje, wote, juani, mwekundu hapa, mweusi pale, unatoka maji.

Nitawaambia ukweli. Katikati ya maumivu yale nilikitafuta kidoa cheupe hata kimoja na sikukipata. Dawa ya Munyiva ilikuwa imefanya kazi.

Mumbua aliutazama mkono. Akauvuta ule mwingine taratibu, naye akaona ni vilevile. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa imeshuka, na ilinitisha kuliko ya kwanza kwa sababu ilikuwa na huruma.

"Huyu mama amechomwa," akasema.

Muli akainuka. "Nani amekuchoma, mama?"

"Ni chai," nikasema.

"Ni uji," akasema Wathome.

Tulisema kwa pamoja. Miaka yote ya ndoa hatujawahi kupishana mbele ya watu, tukaja kupishana siku ile.

"Chai ama uji?" Muli akauliza.

Nilikuwa nimemdanganya mume wangu uji, na hofu ilipofika mdomoni ikatoa chai. Nikawaona watu wote wa uani pale, wetu na wao, wakigeuza vichwa pole pole kumtazama Wathome. Mzee wa kanisa. Mtu wa maneno machache. Nikaona jinsi ukimya wake, ambao jana ulikuwa upole, ulivyogeuka ukawa kitu kingine machoni mwao.

Ningeweza kusema ndimu. Neno moja tu. Lakini wangeuliza, mama mzima anajipaka ndimu akitafuta nini? Ningejibu vidoa. Vidoa vya nini? Hapo hakuna mlango wa kutokea. Nikafunga mdomo, na kila dakika niliyonyamaza nilikuwa namsukumia mume wangu jembe la watu kifuani.

Mutuku akasimama. Kaka yangu ni mtu mnene na mwenye kucheka, siku hiyo hakuwa na kicheko.

"Wathome. Mimi nilikupatia dada yangu akiwa na ngozi yake yote."

Wathome akaigeuza kofia. Akaigeuza tena.

Muli akawaashiria vijana wake. "Fungueni hao mbuzi," akasema. "Kwanza tujue tumefika kwa watu wa namna gani."

Kijana mmoja akashika kamba ya beberu. Nzisa akaweka mkono mdomoni. Na hapo Wathome akasimama, akaivaa kofia, akaivua tena kwa heshima.

"Ni mimi," akasema. "Tulikosana, nikamwagia maji moto. Ni mimi nilimchoma."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamfikia, nikajifanya naegemea bega lake kwa maumivu.

"Unasema nini?" nikamnong'oneza.

"Nyamaza." Midomo yake haikusogea. "Hiyo vidoti niliona kabla wewe uone. Nilingoja uniambie."

"Wathome."

"Mtu mkali wanamtoza mbuzi na wanasahau. Ugonjwa hawasahau. Nyamaza, mama Nzisa. Aolewe."

Na mtaamini? Alikuwa sahihi. Muli alisimama pale akifikiri, akajikuna shingo, akawatazama wazee wenzake. Wazee wakatazama chini. Mmoja akakohoa. Wengi wao, nadhani, walikuwa wanakumbuka nyumba zao.

"Basi," Muli akasema, "kama ni hivyo, hiyo ni maneno ya mtu na bibi yake. Ni mbaya, na wazee wa hapa watamtoza. Lakini si ugonjwa, na si uchawi. Si ya kuharibu siku ya watoto. Rudisha kamba."

Kamba ikarudi kwenye mti. Watu wakapumua. Mtu akaokota kisu kutoka kwenye majani ya mgomba na kukipangusa. Nami nikapumua pamoja nao, na nikaona aibu ambayo sijapata kuiona, kwa sababu niliona inafaulu, na nilifurahi.

Furaha yenyewe haikumaliza dakika.

"Msichinje."

Alikuwa Nzisa. Alikuwa amesimama mbele ya beberu, katikati ya mnyama na kisu, na mashavu yake yamelowa.

"Nzisa, toka hapo," Wathome akasema.

"Sitoki. Mwaitu anafulia huyu mtu, anampikia, anamchimbia shamba, na yeye anamwagia maji moto? Na mimi niende kwa watu nikule nyama, nimuwache hapa?" Akamgeukia Rodgers, ambaye alikuwa amepauka. "Pole, Rodgers. Siolewi. Mimi nitakaa na mama yangu."

"Maneno ndiyo hayo," Mutuku akadakia. "Dada, ingia ndani uchukue nguo zako. Leo unarudi kwetu. Na Jumapili nitasimama mimi mwenyewe kanisani, niambie watu wanapewa sakramenti na mkono gani."

Sikilizeni jinsi nilivyokuwa nimefungwa. Nikinyamaza, binti yangu hataolewa kwa kunipenda. Nikinyamaza, kaka yangu ananirudisha kwetu kama mjane ambaye mumewe hajafa. Nikinyamaza, mtu aliyeniletea kiluma bila kuniuliza anavuliwa uzee wa kanisa Jumapili, na kila mama wa mwethya atamtemea mate kisogoni. Na nikizungumza, narudi pale nilipoanza, mbele ya Mumbua.

Nikamtazama Wathome. Alikuwa bado amesimama wima, kofia mkononi, anangoja kutukanwa tena. Hakuwa ananitazama hata mimi. Alikuwa anamtazama beberu, kama mtu anayeombea jambo liishe.

Nikachoka. Naomba mnielewe, sikuwa shujaa. Nilichoka tu, ghafla, na uongo, na sufu, na joto.

"Si maji moto," nikasema.

"Kamanthe," Wathome akanikanya.

"Huyu mzee anawadanganya. Hajanigusa hata siku moja. Ni ndimu. Nilijipaka ndimu na nikaenda juani, ikanichoma. Nilijipaka kwa sababu nilikuwa naficha hii."

Nikainama. Mikono ilikuwa inauma, lakini nikalishika pindo la sketi yangu na kulipandisha mpaka magotini, mbele ya athoni, hao wakwe zetu, mbele ya wazee, mbele ya wapishi. Miguu haikuwa imepata ndimu. Miundi yangu yote miwili ilikuwa nje kwenye jua, na vidoa vyote vimekaa juu yake, vyeupe, safi, hakuna kilichokosekana.

Mama mmoja wa Kyumbi akarudi nyuma hatua. Mwingine akamvuta mtoto wake.

Mumbua hakurudi nyuma. Alipiga magoti pale mavumbini na nguo zake za sherehe, akalamba kidole gumba, akasugua kidoa kimoja. Akasugua tena.

"Haitoki," akasema, kwa nafsi yake tu. Kisha kwangu, "Inauma?"

"Hapana."

"Umekuwa nayo tangu lini?"

"Tangu tulipoanza kutengeneza matuta. Nesi alisema ni jua."

"Jua," akasema Muli kutoka nyuma. "Na sisi wengine tunakaangwa wapi? Si hapa hapa?"

Wathome akaja akasimama kando yangu. Alishika pindo la sketi upande mmoja, kwa vile aliona pindo linanitonesha malengelenge, na tukabaki hivyo, mume na mke, tumeshikilia sketi kama watu wanaoanika mahindi.

Nilimngoja Mumbua aseme neno la ukoma. Nilikuwa tayari. Nilikuwa nimeshampa kila kitu nilichokuwa nacho, na nilidhani hakuna zaidi anachoweza kuchukua.

Lakini Mumbua hakuwa ananitazama tena. Alikuwa bado amepiga magoti, na macho yake yalikuwa yamesafiri taratibu uani, chini chini, kutoka miguu yangu kwenda kwenye mti wa kahawa. Yakatua pale.

"Nzisa," akaita, kwa upole uleule wa kuvua sweta. "Mtoto wangu. Kuja hapa utoe hizo soksi."

Beberu akalia mara moja, akanyamaza.

Nzisa hakusogea. Alimtazama Rodgers, kisha akanitazama mimi, na mikono yake ikashuka ikalikamata gauni la kitenge kwenye mapaja, ikalifinya kwa nguvu, chini, mbali na vidole vya watu. Ndivyo nilivyokuwa nimeishika mikono ya sweta yangu tangu asubuhi.

Fashion ya tao, alikuwa ameniambia. Nami nilimwamini upesi, kwa sababu nilitaka naye aniamini baridi yangu.